Nguo Isiyo na Upindo

Umeme ukikatika, wenye maduka wengine hulaani, hupiga simu, hutoka nje kumwuliza jirani kama na kwake umekwenda. Bi Mkasi huogopa. Mwanamke mzima, mwenye cherehani tisa za umeme na wafanyakazi kumi na mmoja, anayeweza kumtoa mteja mkorofi kwa kumtazama tu, huogopa saa nane ya mchana, jua likiwa limeingia hadi uvunguni mwa meza. Usicheke. Na wewe ungeogopa.

Maana cherehani tisa zikinyamaza kwa pamoja, kinabaki kimya ambacho hukijui mpaka kikufike. Wasichana hunyoosha migongo na kutoa simu zao. Mpiga pasi peke yake huendelea na kazi, kwa kuwa pasi yake ni ya mkaa na haina habari na mambo ya umeme. Na hapo, kutoka kwenye stoo ya nyuma, Bi Mkasi huisikia cherehani ya kumi. Ni cherehani ya mguu. Kanyagio linalia kri-kri, gurudumu linazunguka, sindano inakwenda tatatatata, kisha inasimama. Kimya kidogo, kiasi cha mtu kuinama na kukata uzi kwa meno. Kisha inaanza tena.

Aliyekuwa akikata uzi kwa meno ni mama yake, na mama yake amekufa, huu mwaka wa pili.

Mara ya kwanza alimwuliza mpiga pasi, mzee mmoja mwembamba mwenye mdomo mrefu, aliyeanza kazi tangu enzi za marehemu.

"Husikii kitu huko stoo?"

"Nasikia tumbo langu, bosi. Linauliza chakula cha mchana kimepotelea njia gani."

Wasichana wakacheka, na Bi Mkasi naye akacheka ili asiulizwe. Jioni, kabla ya kufunga, aliingia stoo akaivua ile cherehani mkanda wake wa ngozi, akautia kwenye droo ya meza yake na kuifunga kwa ufunguo. Cherehani bila mkanda haishoni, hata mtoto anajua. Siku tatu baadaye umeme ukakatika, na cherehani ikashona.

Sasa, hilo jina la Mkasi hakupewa kwa mapenzi. Lakini ili ulijue lilikotoka, lazima kwanza ulijue jina lake la utotoni, ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mama yake alikuwa akishonea kibarazani kwa watu, mbele ya duka la misumari na rangi. Fundi ambaye kila mtu alimsifu na hakuna aliyemlipa kwa wakati. Kazi ya kwanza ya binti yake duniani ilikuwa kusimama kwenye milango ya watu. "Hodi. Mama amesema kama ile hela ipo." Na jibu lilikuwa moja mtaa mzima, utadhani walikuwa wamekaa kikao: kesho. Hiyo kesho ndiyo waliyolalia, ndiyo waliyoamkia. Mtoto aliichukia kama watoto wengine wanavyochukia dawa chungu.

Na sketi. Huyo mama, mbali na kuambiwa kesho, alikuwa na ugonjwa mmoja: upindo. Kila sare aliyoshona aliikunja chini mara nne, tano, kitambaa kimelala ndani ya kitambaa, na ubavuni nako akaacha nafasi. Mtoto akirefuka, mzazi anakuja, mama anafumua mkunjo mmoja, anapiga pasi, sare inateremka. Hakutoza hata senti kwa kuteremsha. Binti yake alivaa sketi moja miaka mitano. Kila mwaka ilipoteremshwa, mahali pa mkunjo wa zamani palibaki mstari uliofifia ambao hakuna pasi iliyouweza. Mstari mmoja, miwili, mitatu, minne. Wenzake shuleni wakamwita Ngazi. "Ngazi, tupandie juu utuangalizie kama mvua inakuja!" Watoto bwana, wana ulimi.

Siku moja alirudi nyumbani, akavua ile sketi, akaapa. Hatagonga mlango wa mtu. Hatangoja kesho ya mtu. Hakuna atakayetazama nguo yake akajua mambo ya nyumbani kwao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kiapo kile alikishika kuliko watu wanavyoshika ndoa. Ndoa yenyewe aliijaribu. Miaka miwili. Siku alipojikuta anamwomba hela ya chumvi mwanamume anayehesabu mpaka njiti za kiberiti, alifunga kifurushi chake akaondoka. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na hakugeuka nyuma.

Akaanza na cherehani moja. Wapo wanaosema alisaidiwa na mtu, wapo wanaosema ni bahati. Uongo. Alisaidiwa na upindo. Alikaa akatandika kitambaa, akapima, akaona kwamba ukiondoa vidole vitatu chini ya kila sketi, na ule upana unaoachwa ubavuni, jora moja linakupa sketi tano za bure. Halafu kuna faida ya pili, tamu kuliko ya kwanza: sketi isiyo na kitu cha kuteremsha inaishi mwaka mmoja, na mzazi anarudi kununua nyingine. Mtoto hawezi kuambiwa asikue. Hapo ndipo mtaa ulipombandika jina la Mkasi, kwa sababu ukipita mkasi wake hakibaki kitu. Naye alilipenda. Alilichora kwenye kibao cha duka.

Mama yake alipoiona sketi ya kwanza ya namna hiyo aliigeuza ndani nje, akaitazama ncha yake iliyokunjwa mara moja tu, upana wa ukucha.

"Mwanangu," alisema, "nguo isiyo na upindo ni ya maiti. Maiti peke yake ndiye asiyekua."

"Mama, maneno hayo ndiyo yaliyotulaza na njaa."

Mama akairudisha sketi mezani. Hakulisema tena. Na binti, kuonyesha kwamba hana kinyongo, akamjengea mama maisha. Nyumba ya vigae, godoro nene, mtu wa kupika. Cherehani ya mguu ikahamishiwa stoo, maana mama wa bosi hashoni, watu watasema nini? Bibi wa watu akakaa kwenye kiti cha kitambaa, mikono mapajani, vidole vinatembeatembea juu ya gauni kana kwamba vinatafuta pa kuanzia. Binti hakuviona vidole hivyo wakati ule. Sasa anaviona kila siku.

Kisha mama akaanza kuvimba. Miguu kwanza, halafu tumbo. Ilikuwa msimu wa kufungua shule, foleni ya wazazi imefika barabarani, Bi Mkasi anakula amesimama. Jumatatu jioni alipopita kumjulia hali, mama alishika ubavu wa gauni lake, gauni zuri la rangi ya majani, lililoshonwa dukani kwa bintiye.

"Nilegezee kidogo, mwanangu. Linanibana."

Bi Mkasi aliugeuza mshono. Hapakuwa na cha kulegeza. Alijua, alikata mwenyewe.

"Kesho nitakushonea jingine, mama. Kubwa."

Kesho. Neno lile lile. Lilimtoka mdomoni bila hata kulitambua. Jumanne walikuja wazazi wa shule mbili kwa pamoja. Jumatano overoki, ile mashine ya kufunga ncha za kitambaa, iliharibika. Alhamisi, Ijumaa, kesho mama, kesho. Jumamosi alfajiri mama akakata roho. Yule mtu wa kupika, kwa huruma zake, alikuwa amelipasua gauni mbavu zote mbili ili mgonjwa apumue, akalishikiza na pini za cherehani. Pini kumi na mbili. Fundi mwenye cherehani tisa, na mama yake kafia ndani ya gauni la pini. Hilo ndilo lililokuwa linashona stoo, na Bi Mkasi alilijua vizuri, hakuhitaji mganga wala mwalimu.

Basi, mwaka huu ikaja tenda. Shule kumi na nne, sare za watoto wote, mkataba wa miaka mitatu. Afisa ugavi alimwita ofisini, akamwambia alete sampuli na bei Ijumaa, na akamdokeza kwamba yuko mbele ya wote. Kwa watu wengine hiyo ni kazi. Kwa Bi Mkasi ilikuwa mwisho wa kazi. Alikuwa na jengo la vyumba vya kupanga lililosimama nusu, nondo zimechomoza juu. Mkataba ule ungelimaliza, na akifika miaka hamsini, imebaki miwili, angefunga duka, akae, ale kodi yake, asimhitaji mtu yeyote chini ya jua. Kiapo cha Ngazi kingekuwa kimetimia. Na zaidi ya hayo, ambalo hakumwambia mtu: duka likifungwa, stoo nayo itafungwa.

Jumanne, akiwa anaikata ile sampuli kwa mkono wake, aliingia mfagizi wa sokoni, mwanamke mwenye kanga iliyopauka, na sketi mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Ni hii ya binti yangu. Nilinunua hapahapa mwaka jana. Mwalimu amemrudisha nyumbani, anasema inaacha magoti nje. Nilegezee kidogo, dada. Teremsha hapo chini tu, itafaa."

Maneno yale yale ya mama. Aliichukua sketi, akaigeuza kama mama yake alivyoigeuza ile ya kwanza, ingawa alijua atakachokikuta.

"Hakuna cha kuteremsha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nyingine zipo pale, saizi kumi na mbili."

Yule mama alizitazama zile sketi zilizotundikwa, akatazama na kibandiko cha bei. Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Aliikunja sketi ya mtoto taratibu, mara mbili, mara nne, akaiweka kifuani.

"Zamani kwa marehemu mama yako tulikuwa tunateremshiwa," alisema. "Basi, acha. Labda kesho."

Akatoka. Na umeme ukakatika.

Safari hii cherehani haikusimama kukata uzi. Ilikwenda moja kwa moja, mbio, kama fundi anayefukuzana na siku. Bi Mkasi alitupa mkasi mezani, akapita katikati ya wasichana, akaushika mlango wa stoo. Alipogusa kitasa, sauti ikakoma.

Ndani mlikuwa na mwanga wa kutosha kutoka dirishani. Cherehani ilikuwa palepale, imejaa vumbi, haina mkanda. Buibui alikuwa ametandaza utando wake kutoka kwenye gurudumu hadi ukutani, na hata uzi mmoja haukukatika.

"Unataka nini kwangu?" alisema kwa sauti. "Mama, unataka nini? Nilikupa kila kitu!"

Alijisikia mjinga, akajisikia mkiwa, na kati ya hayo mawili hakujua lipi linauma zaidi. Akavuta saraka ya cherehani, ile ndefu ya pembeni, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Gauni la rangi ya majani lilikuwa humo, yeye mwenyewe ndiye aliyelificha, na pini zimeshaanza kushika kutu. Chini ya gauni palikuwa na kitu ambacho hakukiweka yeye. Ilikuwa sketi ndogo ya buluu iliyochujuka, na mistari minne kwa chini.

Ngazi.

Kumbe bibi yule aliitunza miaka yote ile. Bi Mkasi aliigeuza ndani nje. Alitaka tu kuona mshono wa mama, basi. Vidole vyake vya ufundi vikapita kwenye ncha ya chini, vikasimama, vikarudi. Ilikuwa nene. Alichukua wembe akafumua, uzi mmoja mmoja, na kitambaa kikateremka. Kilikuwa buluu iliyokolea, mpya kabisa, ambayo haijawahi kuona jua. Aliweka vidole vyake juu yake. Vinne vizima viliingia.

Miaka yote alidhani sketi ile ilifika mwisho, kama wao walivyofika mwisho. Haikufika. Mwanamke asiyekuwa na chumvi ndani alikuwa bado ana vidole vinne vya kitambaa, amevikunja, anausubiri mwaka ambao binti yake angerefuka tena. Na binti alikuwa amemwona mama yule ni wa kushindwa, maisha yake yote, mpaka juzi.

Alikaa sakafuni akalia. Si kilio cha mtu mzima anayejipangusa. Alilia kwa makamasi, kama mtoto aliyechapwa. Wasichana walimsikia, wakatazamana. Mpiga pasi akawaambia bosi ana mafua, rudini kwenye simu zenu.

Ijumaa alipeleka sampuli. Aliishona upya usiku wa kuamkia Alhamisi nyumbani kwake, na ilikuwa na upindo wa vidole vitatu, na nafasi ubavuni.

Afisa ugavi, bwana mnene mwenye tabasamu la kukopesha, aliishika, akaisifu, kisha akaisoma bei.

"Mama, mbona imepanda? Tulizungumza hapa hapa."

"Igeuze uone. Mtoto atavaa miaka mitatu."

Akageuza. Akacheka kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliokuwa mgumu kuujibu. "Hiki ndicho ulichoongeza? Watoto hawatazami upindo. Mwaka mmoja inatosha, mwakani wananunua nyingine, na anayewauzia ni wewe. Sasa unalalamikia nini? Itoe hii, rudisha bei ya mwanzo, tutie sahihi leo."

Karatasi zilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Bi Mkasi alitega sikio. Alitamani, Mungu anajua, alitamani umeme ukatike, kanyagio lilie, mama amshike mkono. Lakini ofisi ile ilikuwa na jenereta yake, na feni ilizunguka bila wasiwasi. Hakuna marehemu aliyekuja kumsemea. Ilibidi aseme mwenyewe.

"Siwezi kushona bila upindo."

"Umeshona miaka ishirini."

"Ndiyo. Nimeshona."

"Basi tutakupigia, mama," alisema yule bwana akiifunika kalamu.

Hawakupiga. Tenda ilikwenda kwa mwenye bei ya chini. Na usidhani Bi Mkasi alitoka pale anang'aa kama watu wa hadithini. Alijitukana njia nzima. Mjinga wewe, mwanamke mjinga, umekula hasara kwa ajili ya vidole vitatu vya kitambaa. Alipita mbele ya jengo lake, akazitazama nondo zinazopata kutu, akajua kwamba akifika hamsini atakuwa bado anakata. Sitini pia, labda. Alikaa juu ya rundo la kokoto mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaenda sokoni kumtafuta mfagizi, amshonee binti yake sketi yenye upindo.

Siku iliyofuata alifungua droo, akatoa mkanda wa ngozi. Alimpiga buibui ufagio, akamwomba radhi, akatia mafuta gurudumu na kanyagio. Mpiga pasi akachungulia.

"Umeme upo, bosi. Hiyo ya nini?"

"Ya siku usipokuwepo."

"Na hicho kitambaa cha rangi ya majani? Mbona kingi hivyo? Mteja gani huyo, kiboko?"

"Ni mteja aliyengoja sana," alisema, na mzee, ambaye hakuwa mjinga, akarudi kwenye pasi yake bila utani wa pili.

Gauni alilishona kidogo kidogo, kila umeme ulipokatika. Aliacha vidole vitano kila ubavu na sita chini. Uzi aliukata kwa meno. Na wale wasichana, ambao miaka yote hawakusikia kitu, sasa walisikia kri-kri kutoka stoo na hawakuogopa, maana walijua ni nani anayekanyaga.

Siku ya kumaliza ilikuwa saa nane ya mchana. Alipiga mshono wa mwisho, akakata uzi, akainua mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likajizungukia mara mbili tatu, likasimama. Akatega sikio, kama alivyokuwa akitega miaka miwili, roho juu.

Kimya.

"Mama?" aliita.

Hakuna kilicholia. Alingoja, gauni kubwa limemlalia mapajani, tupu.

"Umeme umerudi, bosi," mpiga pasi alisema kutoka mbele.

Tangu siku ile haikusikika tena. Sketi za Bi Mkasi siku hizi zina upindo, zinauzwa polepole, na nondo bado zimechomoza vilevile. Mfagizi wa sokoni alishakuja kuteremshiwa mara moja, bure. Kibao cha duka hakikubadilishwa. Lakini umeme ukikatika, Bi Mkasi huinua mkono, na wasichana wote hunyamaza, na mpiga pasi huishikilia pasi yake hewani. Husikiliza. Kisha hushusha mkono na kuwaambia waendelee na simu zao.